Lita Tisa kwa Kilomita Mia

Kila alipowasha gari, kabla hajafunga mkanda, Papa Étienne, shofere wa bibi yangu, alibonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya redio, chenye herufi A iliyozungushiwa mshale. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka. Aliitazama kidogo, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa, ndipo akavuta mkanda. Alifanya hivyo asubuhi akimpeleka Bibi kanisani, akafanya hivyo akitoka sokoni, akafanya hivyo hata alipolisogeza gari hatua kumi tu kutoka juani hadi kivulini. Gari likizimwa, kitufe kilisahau. Likiwashwa, kilihitaji kukumbushwa tena. Siku moja nilihesabu: mara kumi na saba.

Kitufe hicho ndicho kinachozima mpango wa kuokoa mafuta. Waliolitengeneza gari waliona kwamba likisimama injini haina sababu ya kuendelea kunguruma, kwa hiyo wakalifundisha kujizima lenyewe dereva akikanyaga breki, na kujiwasha akiiachia. Kwa mtu kama Papa Étienne jambo hilo lingekuwa zawadi. Alizaliwa Mutarule, akajifunza kuendesha kwenye malori ya miwa, kisha akapitisha miaka ishirini na sita akipandisha mihogo na kuteremsha saruji kati ya Uvira na Bukavu, na malori yale hayakuwa na mshale wa mafuta unaofanya kazi. Alipima tangi kwa kijiti cha mpera. Alijua ni wapi kwenye mteremko mguu uondoke kwenye pedali na lori lijiendee lenyewe. Hakuna mtu mtaani kwetu Kimanga aliyeheshimu mafuta kuliko yeye. Na bado, mara kumi na saba kwa siku, aliuzima mpango wa kuyaokoa.

Gari lilikuwa la bibi yangu, Mama Pélagie, ingawa karatasi zake zilikuwa na jina la mwanawe, Tonton Patient, kaka wa mama yangu, anayefanya kazi Lubumbashi. Alilileta miaka miwili iliyopita, nyonga ya Bibi ilipoanza kumkatalia kupanda pikipiki. Ni jeep fupi, nyeupe, ya kifahari, yenye viti vya ngozi, kioo cha kugusa kwa kidole, na milango inayofungwa kwa sauti ndogo kama ya kitabu. Maelezo yake yanasema inatumia lita saba na nusu kwa kilomita mia. Tonton Patient aliisoma sentensi hiyo kabla ya kuinunua na hakuwahi kuitilia shaka.

Siku ya kulikabidhi gari alisema maneno machache, mbele yetu sote uani.

“Hii gari ni ya Mama. Kanisa, hospitali, shamba. Si taksi, na si gari ya kubeba maiti. Siku nitasikia imebeba maiti, ninairudisha Lubumbashi, juu gari yenye ilibeba maiti hakuna muntu atainunua tena.”

Bibi aliitikia kwa kichwa. Wiki ya pili likabeba maiti.

Sikumlaumu. Babu alipokufa, sanduku lake lilikwenda makaburini juu ya lori lililotoka kushusha mchanga, mvua ikinyesha, na Bibi alikaa pembeni amelishika kwa mikono miwili lisiteleze. Kwa hiyo mtu wa shirika letu, yaani zile familia za mtaa zinazosali pamoja, alipofiwa na mke na hakuwa na gari, Bibi hakungoja kuombwa. Viti vya nyuma vilikunjwa, kiti cha abiria kikasukumwa mbele hadi mwisho, sanduku likaingia likiwa na shubiri moja nje, mlango ukafungwa kwa kamba.

Marehemu alikuwa Mwalimu Olga. Kaka zake walikuwa wameteremka kutoka Lemera na kutaka azikwe huko juu kwao. Mumewe alitaka azikwe hapa. Walikuwa wamebishana usiku mzima na mume akashinda kwa shida. Msafara ulianza kwa mwendo wa miguu, msalaba mbele, gari nyuma yake, kwaya nyuma ya gari. Kwenye daraja la Mulongwe pikipiki zilikuwa zinapishana. Papa Étienne akakanyaga breki, na injini ikazimika.

Kwaya ilinyamaza.

“Amekataa!” kaka mmoja akapaza sauti. “Si tulisema? Anataka kwenda kwao!”

Papa Étienne, ambaye hata yeye hakuelewa kilichotokea, akaachia breki. Injini ikawaka yenyewe.

“Amekubali!” wakasema watu wa upande wa mume. “Twende, twende!”

Hatua ishirini mbele mbuzi wakakatiza barabara. Breki. Injini ikazimika.

“Amekataa tena! Weye shofere, geuza gari!”

“Nigeuze niende wapi? Minye nafuata musalaba.”

“Weye unafuata musalaba na marehemu anakuambia hapana! Unamusikia ao humusikii?”

“Iko nasimama yenyewe, wazee. Mutanisamehe. Bado sijaizoea.”

“Bado hujazoea gari, ao hujazoea wafu?”

Mtu mmoja akacheka, akapigwa kofi na mkewe. Walibishana pale karibu na daraja kama saa nzima, injini ikizimika na kuwaka kila Papa Étienne alipobadilisha mguu, na kila mara upande mmoja ukishangilia. Mwishowe vijana wakafungua kamba, wakalitoa sanduku, wakalibeba mabegani mpaka makaburini. Mwalimu Olga alizikwa Uvira, ila kaka zake walipanda kwao bila kula. Papa Étienne alifuata nyuma na gari tupu, watu wakiacha nafasi kubwa kati yao nalo.

Kesho yake aliniletea kitabu cha maelezo cha gari, kimefungwa kwa mfuko wa plastiki.

“Mutoto yangu, weye ulisoma. Nitafutie humu juu ya nini gari inajizima.”

Nilikuwa nimemaliza masomo na nilikuwa nangoja kazi. Muda nilikuwa nao. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, kurasa mia nne na kumi na mbili. Nilikuta jibu ukurasa wa mia na themanini na sita, pamoja na picha ya kitufe. Papa Étienne alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie sehemu inayosema kwamba kitufe kinabonyezwa upya kila gari linapowashwa.

“Basi nitakibonyeza kila mara,” akasema. “Hata nikienda kununua nyanya. Siku ya maiti mukono usikose njia.”

Tangu siku ile watu wa shirika walijiwekea sheria yao, bila mkutano wowote: sanduku likishaingia ndani ya gari, injini haizimwi mpaka litoke. Kutoka chumba cha maiti hadi nyumbani, sala za nyumbani, kisha kanisa, kisha mlima wa makaburi kwa barabara ya juu, maana ile ya chini ziwa limeila. Kilomita tisa, masaa matatu, wakati mwingine manne, injini ikinguruma mahali pamoja wakati watu wanaimba. Ndani ya miaka miwili gari lilibeba watu kumi na tisa.

“Patient asijue,” Bibi alimwambia Papa Étienne.

“Ndiyo, Mama.”

Hakuuliza itakuwaje Tonton akijua. Papa Étienne ana miaka hamsini na tisa. Klachi za malori zilimharibia goti la kushoto kiasi kwamba haliwezi tena kusukuma pedali nzito, na gari la Bibi halina klachi. Kuna magari mangapi ya namna hiyo Uvira yenye kutafuta shofere mzee? Yeye mwenyewe aliwahi kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na yote yalikuwa na shofere tayari.

Mwaka huu mafuta yalipoanza kuwa ya shida, Tonton Patient aliniagiza nipige picha ya kile kioo cha kugusa, kinachoonyesha mafuta yanayotumika, kila Jumapili na kumtumia kwa simu. Picha ya kwanza ilionyesha lita kumi na tatu kwa kilomita mia, mwendo wa wastani kilomita kumi na moja kwa saa. Alipiga simu kabla hatujamaliza kula. Bibi akaiweka mezani ili sote tusikie.

“Papa Étienne, kitabu kinasema saba na nusu. Minye naona kumi na tatu. Zile zingine ziko naenda wapi?”

“Barabara ni mbaya, patron.”

“Barabara mbaya haiwezi kunywa lita tano. Uko nauza ng’ambo? Kule Burundi watu banalala kwenye foleni ya esanse, minye najua.”

Nikasema mimi, kwa sauti ya chini hata Tonton akanitaka nirudie, kwamba kioo kinahesabu mafuta yaliyochomwa na injini tu. Mafuta yakiibwa kwenye tangi, kioo hakiwezi kuyaona. Nilikuwa nimeyasoma hayo kitabuni. Nilidhani nimemsaidia.

“Kwa hiyo yanachomwa,” akasema Tonton taratibu. “Injini iko nanguruma na gari imesimama. Kilomita kumi na moja kwa saa, hiyo ni mwendo wa muntu na mizigo kichwani. Ah! Nimeelewa. Mama yuko kwenye misa, weye uko ndani, umefunga vioo, klima inapuliza, unalala.”

Papa Étienne aliangalia mikono yake. Hewa ya baridi ilimuumiza goti. Klima aliiwasha kwa ajili ya Bibi peke yake, na Bibi akishuka aliizima na kufungua vioo vyote. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni wakati ule ule akisikiliza. Bibi alikuwa ameshika rozari isiyosogea.

“Sasa,” Tonton akaendelea, “leo mutie sifuri kwenye kioo. Mwezi moja. Siku ya mwisho nataka kuona tisa. Sisemi saba na nusu, nasema tisa, juu minye pia ni muntu. Ikipita tisa hata kidogo, natafuta shofere mwingine. Tena kuna mmoja alishaniomba.”

Simu ilipokatika Bibi alisema, “Patient ni mtoto wangu. Anapiga makelele tu.”

“Ndiyo, Mama,” akasema Papa Étienne, akaenda kutia sifuri.

Mwezi ule nilikuwa napanda naye mbele karibu kila siku, kwa sababu ya picha, na niliona mtu akifanya kazi yake yote aliyoijua. Alitoa kwenye buti kila kitu kisicho cha lazima: gunia la maharage la Bibi, kopo la rangi lililosahauliwa, jiwe la kuzuia tairi. Alijaza magurudumu upepo asubuhi kabla ya jua kuyapasha. Kwenye tambarare, tukienda shamba la Bibi la Mutarule, alitazama mbali sana. Akiona ng’ombe wako mbele aliinua mguu mapema, gari likajiendea bila kelele, na tulipofika ng’ombe walikuwa wamekwisha kuvuka. “Ukikanyaga breki,” aliniambia, “umemwaga mafuta yenye ulikwisha kuchoma.” Nyanya na mkaa alifuata kwa miguu, akichechemea, kwa kuwa safari fupi ndizo zinazokunywa zaidi injini ikiwa bado baridi.

Na kitufe hakukigusa. Aliuacha mpango wa kuokoa mafuta ufanye kazi, kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu Olga. Injini ilipozimika kwenye breki alishtuka kila mara na kufanya ishara ya msalaba, haraka, chini ya usukani, nisione.

Délice, anayeuza esanse, yaani petroli, kwa chupa kwenye pembe ya barabara yetu, alimpigia kelele kila alipopita kwa miguu.

“Papa Étienne! Jeep yako imekufa?”

“Iko napumzika.”

“Siku hizi haikuji kunywa kwangu. Imeokoka?”

“Imeokoka, ndiyo. Bwana yako ataokoka lini?”

“Ah, ule! Ule anakunywa lita kumi na tano kwa kilomita moja, na hata haendi popote!”

Wanawake wa pembeni walicheka, na yeye akacheka kidogo, akaendelea na kikapu chake.

Jumapili ya kwanza kioo kilionyesha kumi na nukta mbili. Ya pili, tisa na nusu. Ya tatu, nane na nukta tisa. Bibi alipewa miadi ya nyonga hospitalini kule Lemera, na niliogopa ule mlima. Lakini Papa Étienne alipanda kama mtu anayebeba mayai, na kurudi aliliacha gari liteleze karibu njia nzima. Ijumaa ya mwisho tulikuwa na kilomita mia nne na themanini, na lita nane na nukta sita kwa kila mia. Zilibaki siku mbili.

Ila kulikuwa na hesabu nyingine aliyokuwa akiifanya na ambayo hakuna kitufe cha kuizima. Katika wiki zote zile hakuna mtu wa shirika aliyekufa. Mzee Toussaint, mtengeneza saa wa mtaa wa nyuma, alikuwa mgonjwa wa figo tangu Pasaka, na Papa Étienne alianza kumtembelea. Alimpelekea machungwa. Asubuhi jambo la kwanza alilouliza akiingia langoni lilikuwa, “Mzee Toussaint alilalaje?” Bibi aliniambia kwamba Mungu amemgusa Étienne. Siku moja nilimsindikiza, nikamkuta mgonjwa ameketi kitandani.

“Étienne, weye unaniuliza hali kuliko daktari. Uko na haja gani na minye?”

“Nataka upone, Mzee.”

“Nipone yote, ao nipone kidogo?”

Papa Étienne alimenya chungwa. Tulipotoka nje alisimama karibu na ukuta muda mrefu, akijipangusa uso, na nilijua kwamba anaona haya, kwamba alikuwa ameanza kutazama wagonjwa kama anavyotazama ng’ombe barabarani.

Mzee Toussaint alikufa usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi binti yake, Providence, alisimama langoni kwetu na kitambaa cha kilio kichwani. Bibi alikuwa bado ndani anavaa. Papa Étienne alikuwa anapangusa kioo cha mbele, mimi nimeshika ndoo.

“Papa Étienne, tumekuja kuomba gari.”

Nilimtazama. Ilitosha kusema betri imekufa. Ilitosha kusema Mama anakwenda hospitali. Neno la betri nilikuwa nalo mimi mdomoni, tayari. Siku moja tu, na wangepata pikipiki ya magurudumu matatu, kama wanavyofanya wengine.

Alikamua kitambaa mpaka maji yakaisha.

“Sanduku iko na urefu gani?”

“Metre moja na makumi tisa.”

“Itaingia. Mulete kamba ya kufungia mulango.”

Providence alipoondoka, Papa Étienne alikunja viti. Akakaa, akawasha, akabonyeza kitufe, na taa ikawaka. Kisha akachukua kile kitambaa chenye unyevu na kukitundika juu ya kile kioo cha kugusa, kikafunika namba zote.

Jua lilikuwa kali siku ile. Nilitembea pembeni ya dirisha lake tangu chumba cha maiti. Nyumbani kwa marehemu sala zilikuwa ndefu, kwa sababu mafundi saa wote wa sokoni walitaka kusema neno. Kanisani padri alichelewa. Kwenye mlima wa makaburi wenye kubeba msalaba walipumzika mara nne. Injini ilinguruma tu. Vioo vilikuwa wazi, klima imezimwa, jasho lilimtiririka kutoka kidevuni hadi kwenye kola. Nyuma yake sanduku liligonga kidogo kwenye mashimo, naye kila mara akasema, “Pole, Mzee.” Nadhani hakujua kwamba anasema kwa sauti.

Makaburini vijana walilitoa sanduku. Akahakikisha liko mabegani, ndipo akazima injini. Hakushuka. Goti lilikuwa limekataa kukunjuka, ikabidi angoje ndani ya gari mpaka maziko yaishe.

Jioni niliondoa kitambaa kilichokuwa kimekauka. Tisa na nukta nne.

Nilikaa na kalamu, nikafanya hesabu mara mbili, nikamfuata kwenye ngazi ya jikoni alikokuwa anajikanda goti. Nilimwambia kwamba kesho alfajiri tukienda Mutarule na kurudi, kwa mwendo wake ule wa tambarare, kilomita themanini, namba itashuka hadi tisa kamili. Kabla ya misa tungekuwa tumerudi.

“Kufanya nini kule?”

“Kwenda na kurudi tu.”

Alifikiri. “Nichome lita tano na zaidi ili nionekane sichomi.”

“Ndiyo.”

“Hapana, mutoto yangu. Huo sasa ndio ungekuwa wizi.” Akaendelea kulikanda goti. “Tena nimechoka.”

Jumapili baada ya misa nilipiga picha na kuituma. Tonton alipiga simu saa nane. Bibi aliiweka mezani kama kawaida.

“Tisa virgule nne,” akasema Tonton. “Wiki iliyopita ilikuwa nane virgule tisa. Wiki moja tu imepanda hivyo? Papa Étienne, unanisikia?”

“Nakusikia, patron.”

“Nilisema nini mwezi uliopita?”

Ndipo Bibi aliponyoosha mkono kuichukua simu. “Patient, mwanangu, sikiliza. Minye ndiye nili…”

Katika miaka miwili sikuwahi kumsikia Papa Étienne akimkata Bibi maneno. Siku ile aliinama juu ya meza, mdomo karibu kabisa na simu, na kusema kwa nguvu, “Patron, ni kweli. Nilikuwa nalala ndani ya gari. Na klima. Juu ya joto.”

Mkono wa Bibi ulibaki hewani, kisha ukashuka taratibu juu ya kitambaa cha meza.

“Hata wiki hii?” akauliza Tonton. Hakuwa na hasira tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka pia, mtu ambaye angependa namba ziwe nyingine.

“Hata jana. Masaa matatu.”

“Asante kwa kusema ukweli, Papa Étienne. Lakini nilishasema. Achia Mama funguo. Huyo mwingine atakuja kesho kutwa.”

“Ndiyo, patron.”

Bibi alimshika mkono alipokuwa anaweka funguo mezani. Papa Étienne alimpigapiga kwenye kiganja, akasema atapita Jumatano kumwona, akatafuta kofia yake.

Nilimsindikiza hadi barabara kubwa. Alitembea polepole, upande wa kivuli. Délice alimwona kwa mbali akaita kwamba jeep imelala tena, naye akampungia mkono bila kujibu. Tulipofika mahali pa pikipiki alisimama kupumzisha goti, nami nikamuuliza lile nililotaka kumuuliza tangu mezani.

“Papa Étienne, kwa nini hukumwambia ukweli?”

“Angerudisha gari Lubumbashi,” akasema. “Na minye ningekosa kazi vilevile.”